Mahudhurio Asilimia Mia

Ijumaa alasiri tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa maabara ya nguvu za vifaa, katika chuo kimoja cha uhandisi ambacho sikitaji, maana kila msomaji atadhani ni chake. Kamati ya Ubora itapita Jumatatu saa nne asubuhi kukagua kiwango cha ushiriki wa wanafunzi. Wahusika wote waandae ushahidi. Wahadhiri walikuwa wameshaondoka kuwahi foleni za mjini, na fundi wa maabara alifunga kufuli akaenda zake. Waliobaki ndani ndio walioitisha kikao.

PROJEKTA: Jamani, naomba utulivu. Kwa kuwa niko juu kuliko wote, mimi nitakuwa mwenyekiti.

MASHINE: Hapo juu umekazwa skrubu nne, mjukuu wangu. Usijivunie kufungwa.

PROJEKTA: Shikamoo, Babu.

MASHINE: Marahaba. Hiyo ingetangulia. Haya, sema.

PROJEKTA: Ajenda ni moja. Kamati inataka kuona wanafunzi wanashiriki. Mimi ushahidi wangu uko tayari. Juzi kwenye mhadhara wa saa mbili nimeonyesha slaidi tisini na nne. Hakuna aliyeondoa macho kwangu. Na simu zilivyokuwa zinainuliwa! Napigwa picha kuliko bibi harusi.

MJUSI: Wanakupiga picha ili wasikutazame. Nimetembea juu ya simu zao usiku huko hosteli. Slaidi zako zimelala kule katikati ya picha za chipsi na tangazo la kupanga chumba. Hazijafunguliwa tangu zipigwe.

PROJEKTA: Wewe ni mdudu wa ukutani. Hujasajiliwa hata kozi moja.

MJUSI: Sijasajiliwa, lakini sijawahi kukosa kipindi. Huu ni mwaka wa tatu. Mitambo, maji, joto, zege, zote nimezisikiliza nikiwa nimening'inia kichwa chini. Nitajieni mwanafunzi mmoja anayenifikia.

KARATASI: Samahani, mahudhurio ni idara yangu. Asiyeko kwangu hakuwepo. Ndiyo kanuni.

FRIJI: Bi Karatasi, hebu tuambie. Juzi walikuwa wangapi?

KARATASI: Mia na thelathini na moja.

MJUSI: Mimi nilihesabu vichwa sitini na nne, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimelala.

KARATASI: Vichwa si kazi yangu, kazi yangu ni saini. Nilipita mstari wa nyuma, kijana mmoja akanishika dakika nzima. Kalamu moja, mwandiko mmoja, majina kumi na moja. Wa saba kati yao alikuwa msibani Kahama. Nilitaka kupiga kelele, lakini karatasi hupiga kelele vipi? Kisha kanuni inasema mtu asipofikisha asilimia sabini na tano hafanyi mtihani. Sasa wenzake wamwache afe njaa ya asilimia?

MASHINE: Kwa hiyo hilo ndilo jambo ambalo darasa zima hulifanya kwa bidii na kwa mshikamano.

KARATASI: Tena kwa nidhamu, Babu. Wana zamu. Yupo wa Jumatatu na yupo wa Alhamisi. Mradi wa kikundi ukitolewa, watu watano hugombana mpaka wanafikishana kwa mhadhiri. Kwenye kusainiana sijasikia ugomvi hata siku moja.

RIPOTI: Ngojeni na mimi niseme, maana huko mnakokwenda mtaniacha. Mimi ndiye Ripoti ya Maabara, jaribio la kuvuta chuma, mwaka 2009. Nina watoto wasiohesabika. Kila mwaka wa pili unapoingia, ninapelekwa steshenari, ninafotokopiwa, jina linabadilishwa, tarehe inabadilishwa, ninakusanywa tena. Mkitaka ushahidi wa ushiriki, mimi nimeshiriki kuliko mtu yeyote hapa chuoni.

NONDO: Shikamoo, Bibi. Na ile namba yako ya ukurasa wa tatu?

RIPOTI: Marahaba. Namba gani tena?

NONDO: Moduli ya Young ya chuma. Umeandika gigapaskali 20.

RIPOTI: Eeh. Mwenyewe wa kwanza aliandika 200. Sifuri moja ilimezwa na mkunjo wa karatasi kwenye mashine ya fotokopi, mwaka wa pili wa maisha yangu. Tangu hapo ni 20.

MASHINE: Ishirini! Hiyo ni karibu na mbao ya mpingo. Mmekuwa mkikabidhi watu madaraja ya mpingo tangu lini?

RIPOTI: Miaka yote hiyo, Babu, na napata nane kwa kumi. Pembeni nimeandikiwa "vizuri". Mara moja tu ilitokea kasoro. Kijana mmoja alifanya jaribio mwenyewe, akapiga hesabu mwenyewe, akaandika 200. Akaitwa aeleze kwa nini jibu lake halifanani na la wenzake. Alipewa sita.

MJUSI: Nilikuwepo dirishani. Alijitetea vizuri, lakini Kiingereza kilimkwamia katikati. Akanyamaza. Kunyamaza kukahesabiwa kuwa amekiri.

FRIJI: Hapo umegusa jambo. Mimi husikia wanapokuja kuiba barafu. Darasani ni kimya, mhadhiri anauliza kama kuna swali mara tatu, anajijibu, anaendelea. Wakitoka hapo mpaka mgahawani, wanabishana kuhusu zege na nondo mpaka chapati zinapoa. Hao hao waliokuwa bubu.

MJUSI: Maana mgahawani wanabishana kwa Kiswahili. Na hakuna anayeandika nani kakosea.

PROJEKTA: Hoja ya lugha haimo kwenye fomu ya kamati. Tuijadili siku nyingine.

MJUSI: Siku nyingine hiyo mmeiahirisha tangu nilipokuwa yai. Basi niwaambie lililo kwenye kumbukumbu. Mwaka jana wahadhiri waliitwa semina hapa hapa, mada ni ufundishaji shirikishi. Mtoa mada alizungumza saa tatu mfululizo. Wewe Projekta ndiwe uliyemwangazia. Ilipofika saa nane waliuliza swali moja tu, nalo lilihusu posho.

PROJEKTA: Lakini mada ilikuwa nzuri.

MJUSI: Nzuri sana, ndiyo maana naikumbuka. Alisimulia jaribio lililofanyika kule Kanada, Chuo Kikuu cha British Columbia, matokeo yakatolewa mwaka 2011. Ni darasa la fizikia la mwaka wa kwanza, wanafunzi wenyewe wa uhandisi, makundi mawili makubwa, kila moja watu zaidi ya mia mbili na sitini. Kundi moja liliendelea na mhadhiri mzoefu anayesifiwa, akihutubia kama kawaida. Jingine kwa wiki moja likapewa walimu wachanga, ambao hawakuhutubia. Walitoa maswali, wanafunzi wabishane wawili wawili, wajibu, waelezwe walipokosea, warudi tena kubishana. Mmoja wa waliofanya utafiti huo ni Carl Wieman, mtu mwenye Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Mwisho wa wiki wakapewa mtihani mmoja. Waliohutubiwa wastani wao asilimia 41. Waliobishana, 74.

MASHINE: Na wahadhiri wetu walisemaje?

MJUSI: Walinakili slaidi.

FRIJI: Kwa haki, mimi siwalaumu wote. Huyu wa kwetu ana vipindi vya madarasa manne, ana madaftari mia na sitini ya kusahihisha, na cheo chake kitapanda kwa makala anazochapisha. Akitumia mwezi mzima kubuni swali zuri la darasani, hakuna mahali pa kulijaza kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Anajua hivyo. Mke wake pia anajua.

MJUSI: Kweli. Tena kuna utafiti mwingine, wa Harvard, wa mwaka 2019, ambao mtoa mada aliupita haraka kwa sababu chakula kilikuwa kimefika. Waligundua kuwa wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe wakasema wamejifunza kidogo. Waliosikiliza mhadhara mtamu wakasema wamejifunza sana, na kumbe walipata kidogo. Kutoa jasho kunamfanya mtu ajione mjinga. Kutazama mtu fasaha kunamfanya ajione msomi.

KARATASI: Sasa kamati ikija Jumatatu na kuwauliza wanafunzi kama wameridhika?

MJUSI: Wataridhika na Projekta.

PROJEKTA: Ahsante.

MASHINE: Hajakusifu, mjukuu wangu. Nipisheni sasa niseme, maana nyinyi ni wa juzi. Nani hapa anajua mimi ni nani?

KARATASI: Ni mashine ya kuvuta vyuma, Babu. Tani sitini.

MASHINE: Mimi nilipanda meli kutoka Ujerumani Magharibi, wakati Ujerumani bado mbili. Zamani zile kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi wa chuo kikuu alikwenda Nairobi. Sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Hapa Tanzania kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, kule Mlimani, Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata polepole. Nilipofika mimi kwenye chuo hiki, darasa lilikuwa la vijana kumi na kitu. Kila mmoja alinishika. Mmoja aliminya kidole chake kwenye taya zangu, akapona, akaja kuwa mkurugenzi. Kila akipita hapa ananionyesha kile kidole.

FRIJI: Na sasa?

MASHINE: Sasa nimefunikwa turubai. Darasa ni watu mia na themanini, mimi ni mmoja. Wanakuja ishirini ishirini. Fundi anabonyeza, watatu wa mbele wanaona, wa katikati wanaona visogo, wa nyuma wanajipiga selfi. Kisha namba zinaandikwa ubaoni, wote wananakili. Siku nyingine hata fundi habonyezi. Namba za mwaka jana zipo, anaziandika, inatosha. Kwenye ubavu wangu wamebandika onyo: USIGUSE.

RIPOTI: Wanaogopa utaharibika, Babu. Kipuri chako hakipatikani.

MASHINE: Najua. Lakini mimi niliumbwa kuvunja vitu. Ndiyo kazi yangu pekee duniani. Kunilinda nisivunje chochote ni kunizika nikiwa hai, halafu wananiweka kwenye picha ya jalada la mwongozo wa udahili.

PROJEKTA: Basi si watajifunza kazini? Akimaliza miaka minne hapa, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa mafunzo kwa wahitimu. Upo tangu 2003. Miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndipo asajiliwe na yeye.

MASHINE: Mpango mzuri. Ila nimegundua mchezo. Sekondari wanasema maabara atazikuta chuoni. Chuo kinasema mikono ataifundishwa kazini. Kazini wanasema hatuna muda, huyu alipaswa kuja anajua. Kila mmoja anaamini kuna mwenzake mahali fulani ambaye ndiye atakayemshikisha kijana spana.

NONDO: Mimi niliwahi kushikwa.

KARATASI: Wewe si kipande tu cha taka kilichoachwa hapo kwenye kona?

NONDO: Ni kipande, lakini nina historia. Tena mimi na wewe, Bi Karatasi, tuna ugonjwa mmoja. Tumeandikwa zaidi ya tulivyo. Dukani nimeuzwa kwa jina la nondo ya milimita 12. Sivyo nilivyo.

MASHINE: Simulia, mwanangu. Hili hata mimi nataka lisikike.

NONDO: Kuna binti wa mwaka wa pili, baba yake anajenga Mbagala. Likizo alikwenda kusaidia kupokea vifaa. Alipoinua nondo akaona mkono wake unadanganywa, nyepesi. Hakusema kitu. Akachukua nondo nzima, mita 12, akaipeleka kwa jirani anayenunua skrepa, akaitundika kwenye mzani wake. Kilo 9. Nondo halali ya milimita 12 ina gramu 888 kwa kila mita, kwa hiyo mita 12 ni kilo 10 na gramu 650 hivi. Akapiga hesabu pale pale kwenye mchanga kwa kijiti. Ukigawanya uzito kwa urefu na kwa uzito wa chuma kwa kila ujazo, unapata eneo la mkato, na kutoka hapo kipenyo. Milimita 11.

FRIJI: Milimita moja tu.

NONDO: Moja ya kipenyo. Lakini chuma kinabeba kwa eneo la mkato, na eneo linakwenda na mraba wa kipenyo. Milimita za mraba 113 zimekuwa 95. Karibu sehemu moja ya sita ya nguvu imebaki dukani kwa muuzaji, na baba wa watu amelipa zote. Fundi ujenzi akamwambia, binti, hizi namba zenu za chuo zitakuchanganya, nondo ni nondo. Basi akakata vipande vitatu vya nusu mita kwa msumeno, akavifunga kwenye kanga, akapanda navyo daladala kurudi chuo.

MASHINE: Akaja kwangu saa kumi na moja jioni. Fundi wa maabara alikuwa anafunga. Akambembeleza nusu saa. Fundi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akavua turubai.

NONDO: Ndugu yangu wa kwanza akabanwa kwenye taya. Wanafunzi watatu walikuwa wanapita kutoka mgahawani, wakachungulia. "Anafanya nini huyu?" Wakaingia. Wakaja watano wengine. Mara dirisha likajaa. Hakuna aliyeitwa.

KARATASI: Na mimi nilikuwa wapi?

NONDO: Kwenye droo, umefungiwa. Sikiliza. Wakaanza kubishana, kwa Kiswahili, kwa sauti. Mmoja anasema itakatika kwenye kilonyutoni 56, kama kitabu kinavyotaka, kwa chuma cha daraja la 500. Mwingine anasema 56 ni pale inapoanza kulegea, kukatika ni baadaye. Wakawekeana dau la soda. Binti mwenyewe kanyamaza, anatazama mshale. Ulipofika 47 mshale ukasita, ndugu yangu akaanza kurefuka bila mzigo kupanda. Arobaini na saba! Mtu mmoja nyuma akasema, "Baba yako ameibiwa." Hakuna aliyecheka.

MASHINE: Nilisikia raha ambayo sijaisikia miaka mingi. Nikaendelea kuvuta. Akaanza kukonda shingo, sehemu moja tu, kadiri ninavyovuta ndivyo shingo inavyozidi kuwa nyembamba. Wote wamekaribia, pua zinagusana. Kisha PAA!

MJUSI: Mkia wangu uliachia wenyewe. Huu mnaouona ni wa pili.

NONDO: Upande mmoja umetoka kikombe, upande wa pili koni, vinaingiana. Kijana mmoja akaokota kipande, akakiachia upesi. "Ya moto!" Wote wakataka kugusa shingo. Ni kweli, ya moto. Akauliza, kwa nini ya moto na hakuna aliyeiweka kwenye moto? Swali hilo halikuwa kwenye kitini. Fundi alikuna kichwa. Wakaondoka nalo. Nasikia kwenye kundi lao la WhatsApp lilijadiliwa mpaka saa saba usiku, mmoja akapiga hesabu ya kazi iliyotumika kuvuta na joto ambalo lingetokea, akapata jibu linalokaribia. Huyo ndiye ambaye kwenye kozi ya joto alikuwa na sapu, mtihani wa marudio.

RIPOTI: Na ripoti? Aliandika ripoti?

NONDO: Aliandika barua kwa baba yake. Baba alirudisha mzigo wote dukani.

PROJEKTA: Hadithi nzuri. Na mahudhurio rasmi ya kipindi hicho yalikuwa mangapi?

KARATASI: Sifuri. Sina saini hata moja. Kwa kumbukumbu za chuo, jioni ile hapakuwa na mtu.

MASHINE: Kuna kumbukumbu moja. Fundi alipewa barua ya kujieleza kwa kutumia mashine nje ya ratiba na kupoteza mafuta ya haidroliki. Imo kwenye faili lake.

RIPOTI: Huko mitaani watu huzicheka habari za nondo pungufu.

MASHINE: Mimi sicheki. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa zaidi ya kumi lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024, Kariakoo, jengo jingine likaanguka na watu ndani. Sisemi sababu ilikuwa nondo, mimi sikuvipima vyuma vya huko. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kuona mshale ukisita kwenye 47 hasahau, na mtu aliyenakili 20 kutoka kwa Bibi hapa hana cha kukumbuka.

FRIJI: Hilo swali la kwa nini ya moto limenikumbusha jamaa yangu. Nyinyi mnaniona mimi ni wa kutunzia soda za mhadhiri.

MJUSI: Kwani si ndivyo?

FRIJI: Ndivyo. Ila ukoo wetu una heshima yake. Mwaka 1963, sekondari ya Magamba, huko Lushoto, kulikuwa na friji ambamo wanafunzi waligandisha aiskrimu zao. Unachemsha maziwa, unaweka sukari, unaacha yapoe, ndipo unaingiza. Kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliona nafasi zinakwisha, akaingiza ya kwake ikiwa ya moto. Ikaganda kabla ya ile iliyopozwa. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, Mkwawa, Iringa, akauliza tena, darasa likamgeuza utani: akikosea hesabu, wanaiita hesabu ya Mpemba.

NONDO: Akaacha?

FRIJI: Hakuacha. Alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Mpemba akasimama akauliza lile lile mbele ya wanafunzi wenzake, nao wakaona haya. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya kitu ambacho walimu wengine hawakukifanya. Alirudi Dar akamwambia fundi wake ajaribu. Fundi akaleta majibu: ya moto imeganda kwanza, na akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi!

RIPOTI: Namwelewa sana fundi huyo.

FRIJI: Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, wengine wanasema lipo, wengine hawalioni. Lakini wanalibishania kwa jina la mwanafunzi.

MJUSI: Aliyeona haya ni darasa zima. Aliyeuliza ni mmoja. Kamati ingewapa darasa alama za juu, walikaa kimya na kwa adabu.

PROJEKTA: Jamani, saa zimekwenda. Tuamue. Kamati tunaionyesha nini Jumatatu?

NONDO: Tuwaonyeshe vipande viwili vya ndugu yangu. Kikombe na koni. Wavishike.

PROJEKTA: Fomu ina visanduku vinne: idadi ya slaidi, idadi ya saini, idadi ya ripoti zilizokusanywa, na kama mwanafunzi ameridhika, ndiyo au hapana. Kisanduku cha vyuma vilivyokatika hakipo.

KARATASI: Basi tumeshashinda. Vyote vinne tunavyo.

MASHINE: Nifunikeni turubai langu.

Jumatatu kamati ilifika saa tano. Ilikuwa na watu watatu na dereva. Walikunywa chai, Projekta akawashwa akaonyesha slaidi kumi na mbili kuhusu ushiriki, Karatasi akapitishwa na wajumbe wote wakasaini, pamoja na mmoja ambaye alikuwa bado njiani. Mwenyekiti aliegemeza begi lake kwenye Mashine. Hakuna aliyeuliza kuna nini chini ya turubai. Mjusi alikaa darini kikao chote, akitikisa kichwa, na katibu aliandika kwamba mazingira ya kujifunzia yanahitaji kupulizwa dawa.

Taarifa yao ina kurasa arobaini na mbili. Ushiriki wa wanafunzi katika kozi za uhandisi umekadiriwa kuwa wa kuridhisha sana, mahudhurio asilimia mia. Kamati imependekeza inunuliwe mashine ya alama za vidole ili kudhibiti saini, projekta ya pili kwa ajili ya upande wa kushoto wa ukumbi, na vyuma chakavu vilivyolundikwa kwenye kona viondolewe. Nondo aliuzwa wiki iliyofuata kwa mnunuzi wa skrepa, kwa uzito wake halisi.

Nawe msomaji, kama unajenga, usisubiri kamati. Chukua nondo moja nzima ya milimita 12, urefu wa mita 12, iweke kwenye mzani mbele ya muuzaji. Inatakiwa iwe kilo 10 na nusu na ushee. Ikisoma chini ya kilo 10, usiipakie. Na kama una kijana chuoni anayesomea uhandisi, nenda naye, yeye ndiye ausome mzani.